Msituulize medali

Tulishuka basi Mombasa saa kumi na moja alfajiri, watoto kumi na wanne wa klabu yetu ya judo macho yamewavimba kwa usingizi, na neno la kwanza tuliloambiwa, kabla hata ya salamu, lilikuwa: "Mmeleta medali ngapi?" Aliyeuliza ni baba wa mmoja wao. Nikamwambia hakuna. Akanitazama kama mtu niliyetumwa sokoni nikarudi na kikapu kitupu.

Ningemjibu palepale, lakini nilikuwa na mabegi matatu, na mtoto asiye wangu kanilalia begani. Basi namjibu leo.

Hatukwenda mashindanoni. Tulikwenda Unguja, kambini, siku nane. Mtoto anapanda kwenye tatami, ile mikeka minene ya judo, asubuhi, anashuka saa sita, anarudi alasiri, na muda wote huo kazi yake ni kuangusha na kuangushwa. Hakuna anayepangwa wa kwanza wala wa mwisho. Mimi judo siijui kwa mwili. Nilichukuliwa kwa sababu wazazi wa wasichana watano walisema bila mama mtu mzima hakuna safari. Nikakaa pembeni siku zote nane, na nimerudi na msimamo: kama mchango wetu unatosha safari moja kwa mwaka, na kwa kweli hautoshi zaidi ya moja, iwe ya kambi.

Pigeni hesabu nami. Mechi ya judo ni dakika 4. Lakini ukipigwa ippon, yaani ukaangushwa chali barabara, kwa nguvu na kwa kasi, imekwisha hapohapo, hata kama ndiyo kwanza mmeshikana kola. Wengi wetu huku pwani tunamkumbuka Wojdan Shahrkhani, binti wa Saudia aliyepanda ulingoni London mwaka 2012 akiwa amejifunika kichwa, baada ya mvutano mkubwa wa kama ataruhusiwa au hataruhusiwa. Alidumu sekunde 82. Nami nampa heshima zake zote, maana binti yangu hajawahi kudumu hivyo. Mwaka juzi klabu ilipanda basi la usiku kwenda bara, mashindanoni. Zamu ya binti yangu ilipofika nikatoa simu nimpige picha. Nilipopata kuifungua, mwenzake alikuwa ameshanyooshewa mkono wa ushindi. Siku mbili zilizobaki alikaa kwenye viti vya plastiki akila njugu na kuwashangilia watu asiowajua.

Kambini, mzunguko mmoja wa randori, ile judo ya kupigana mazoezini bila alama, ulikuwa dakika tano, na asubuhi moja walikwenda mizunguko minane. Siku ya kwanza niliamua kuhesabu. Binti yangu aliangushwa mara 31. Siku ya pili niliacha kuhesabu, roho iliniuma.

Ila kuna jambo nililiona siku ya tatu ambalo mashindano hayawezi kulitoa hata mkilala huko mwezi. Kulikuwa na msichana wa kule, mwembamba, hamfiki wangu mabegani, naye ndiye aliyekuwa akimrusha kama gunia la pamba. Wakati wa kunywa maji alimfuata mwenyewe. Akamshika mkono wa judogi, yaani vazi la judo, chini kidogo ya kiwiko, akamwambia, "Wewe wanivuta kabla hujanisogeza. Nisogeze kwanza, mguu wangu ukiwa hewani ndo univute." Wakarudia pembeni, polepole, mara kumi, mara kumi na tano, chupa za maji ziko chini. Ulingoni adui yako akikushinda anaondoka na siri yake, kwa sababu kesho huenda mkakutana tena. Kambini anakupa, kwa sababu dakika ishirini baadaye atakuhitaji wewe umpe upinzani wa maana.

Nao Wajapani, wenye mchezo wao, wamelifikia hilo. Mwaka 2022 shirikisho lao la judo lilifuta mashindano ya taifa ya mtu mmojammoja kwa watoto wa shule ya msingi. Sababu waliyoitoa ni kwamba tamaa ya ushindi ilikuwa imepita kiasi: watoto wanakondeshwa ili waingie kwenye uzito mdogo, na wakubwa wanawatolea waamuzi maneno. Niliposoma habari ile nilicheka, maana nilikumbuka baadhi yetu, nami nikiwemo, tulivyokuwa tukipiga kelele kule bara. Sijui hata tulikuwa tunamkaripia nani.

Swali jingine nililoletewa: kama ni kambi ya nje, kwa nini Unguja? Hiyo nayo ni nje? Kuna mzazi aliyedhani nje maana yake ndege. Ndugu yangu, hebu kaulize nauli ya kufika Tokyo kwa watoto kumi na wanne kisha turudi kwenye mazungumzo. Na judo ya Unguja si ya juzi. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alihamia kisiwani miaka ya 1980, akaanza kufundisha vijana miaka ya 1990, na waliofundishwa zamani hizo leo ni watu wazima wanaofundisha wengine. Zaidi ya hayo, mwalimu wa kule akimrekebisha mtoto wetu, anamrekebisha kwa Kiswahili. Nyonga iko wapi, kisigino kiende wapi, pumzi itoke lini. Hebu fikiria hayo yapitie kwa mkalimani. Tofauti ilikuwa ni skuli na shule, na kwamba wetu wanasema "kochi" na wao "mwalimu". Siku ya nne wetu nao walikuwa wanasema mwalimu.

Sisemi safari ilikuwa ya raha. Mpakani tulikaa saa tatu kwa ajili ya kijana mmoja ambaye jina la babake kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja zaidi ya lile la kwenye barua ya ridhaa. Herufi moja! Klabu yoyote inayofikiria safari kama hii, barua za wazazi ziandikwe huku vyeti viko mezani, si kwa kukumbuka. Na tulivuka na boti kutoka Dar mwezi wa Agosti, kusi imeshika kasi. Kwa saa mbili kazi yangu ilikuwa kugawa mifuko ya plastiki.

Halafu nguo. Haya hayaandikwi kwenye ratiba yoyote. Judogi ni pamba nzito, na watoto wetu kila mmoja anayo moja. Mazoezi mara mbili kwa siku. Ukiifua mchana haikauki hadi alasiri, usipoifua inanuka mpaka mwenzako anakataa kukushika. Tuliishia kuzisuuza kwa maji matupu, kuzikamua watu wawili wawili, mmoja huku mmoja kule kama tunakamua nazi ya harusi, na kuzianika juu ya ukuta upande wa upepo. Alasiri walizivaa mbichi. Wawili wamerudi na choa shingoni. Nimewapa mama zao pole na jina la dawa.

Siku ya pili ilikuja simu. Baba mmoja kaona picha niliyotuma kwenye kundi, watoto wameinama. Wanamwinamia nani? Swali la haki, na nilikuwa nikilisubiri, maana klabuni kwetu huwa tunalikwepa. Nikampa simu mwalimu mwenyeji. Akamwambia hapa watoto wanasalimiana wao kwa wao, wakiwa wamesimama, kama wewe unavyompa mwenzako mkono, na asiyetaka hata hilo hutikisa kichwa tu, hafukuzwi. Baba akanyamaza kidogo. Kisha akauliza wanakula nini.

Walikula wali na mchuzi wa papa, na urojo jioni.

Sasa kilichobaki ni deni. Wenyeji wetu wanataka kuja mwakani, na hapo ndipo wenzangu kwenye kamati wanapokuna vichwa. Tuna tatami 32. Zote zikipangwa ni uwanja wa mita 8 kwa 8, hakuna ukingo, anayerushwa nje anatua kwenye saruji. Kuna aliyesema tutaaibika. Mimi nikamkumbusha kwamba Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882, kwenye chumba cha hekalu Tokyo, alikuwa na tatami 12. Tunamzidi kwa ishirini. Pembeni tutatandika magodoro, na mizunguko tutaifanya kwa zamu, jozi nne nne, wengine wakihesabu muda.

Kikao ni Jumamosi. Kuna wanaotaka pesa ziende tena kwenye mashindano ya bara, na wana haki ya kusema hivyo. Kura yangu wanaijua. Na kwa wale wanaouliza wageni watalala wapi: kwangu wanaenea sita, wakikubali kulala mzungu wa nne.