Ile Video Mnayosambaziana

Binamu yangu keshairusha kwenye makundi yote ya ukoo, na asubuhi hii nimetumiwa na mtu ambaye hata undugu hatuna. Basi acheni mwenye aibu yake asimulie mwenyewe.

Kwanza, sikujiandikisha mbio zozote. Pumzi hiyo ningeitoa wapi? Nilikwenda kumshangilia dada kwenye marathoni yake ya kwanza, nikiwa na filimbi, bango, begi lake la nguo za kubadilisha, na ndala miguuni. Kushangilia si kazi ya kusimama?

Dada alikuwa kanitahadharisha kwamba kuanzia kilomita ya 30 hivi akiba ya sukari mwilini huwa inakaribia kuisha, mtu anabaki kukimbia kwa kichwa tu. "Ukiniona nimenuna, piga kelele." Nikajipanga karibu na mwisho, bango juu. Akatokea. Jasho limemkauka usoni likaacha chumvi nyeupe, mguu wa kulia anauburuza, macho yapo ila hayaoni mtu. Nikapuliza filimbi. Wapi! Damu nzito kuliko maji, nikapenya chini ya utepe nikaanza kukimbia ubavuni mwake. Hatua chache tu, nilijisemea, halafu natoka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo binamu alipoanza kurekodi.

Utepe ukaisha, ukaanza uzio wa chuma. Nacheki kushoto nitafute upenyo: chuma. Kulia: chuma, na nyuma yake watu wanapiga makofi. Nyuma yangu kundi la wakimbiaji linakuja, nikisimama nawaangusha. (Mnaouliza kwa nini sikuruka uzio, mmeniona lakini?) Ndala ya kushoto ikavuka, ikabaki huko. Filimbi bado ninayo mdomoni, na kila nikihema inalia. Fyuu. Fyuu. Walio mbele wakadhani afisa wa mbio anapita, wakanipisha! Nikamwacha dada nyuma bila kujua.

Mtangazaji naye hakunisitiri: "Na huyu mwenye begi, ndala moja, hana namba! Makofi jamani!" Uwanja mzima ukalipuka. Saa kubwa ile pale, mpiga picha kachuchumaa. Sijui shetani gani alinipitia, nikainua mikono yote miwili, bango likiwa kwenye mmoja. Bango limeandikwa DADA USIKATE TAMAA, kwa herufi kubwa nilizozipaka mwenyewe, na dada mwenyewe akavuka mstari nyuma yake sekunde hiyohiyo.

Tena mnajua nani wa kulaumiwa? Huu umbali wa kilomita 42.195 ulitokana na Olimpiki ya London, mwaka 1908. Mbio zilianzia Windsor, na mwisho ukapangwa mbele ya jukwaa la kifalme. Wangekomea 42 kamili, ningekuwa bado nyuma ya utepe na heshima zangu.

Yaliyofuata ni mafupi. Binti wa kujitolea akanivisha medali, mlinzi akanivua, nikatolewa nje. Nikajitetea kwamba hata Kipchoge alipokimbia kwa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019 alikuwa na wasindikizaji. Afisa akanijibu kwamba hiyo haikuhesabiwa rekodi rasmi, na mtu asiye mshiriki kumsindikiza mkimbiaji kunaweza kumfanya mkimbiaji aondolewe. Kijasho chembamba kikanitoka. Bahati, walipotazama waliona nilikuwa nimemkimbia, sikumsindikiza. Muda wake ukabaki.

Picha rasmi zimetoka. Kwa namba yake dada kapata tatu: bango, begi, kisigino changu.

Mama kaniamuru nimpigie simu nimwombe radhi. Nimepiga. Kapokea shemeji, kashindwa hata kusema "haloo" kwa kucheka, akakata.