Freti ya luti ni kamba, si chuma

Mpiga gitaa akiishika luti ya Ulaya ya karne ya 16, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya udi, kwa mara ya kwanza, huwa na pingamizi moja dhidi ya mintoni, yaani utuni unaosafisha akordi kwa kuziacha nusu-toni zisilingane: freti, ule mstari wa kubonyezea uzi shingoni, inakatiza nyuzi zote, sasa utapangaje nusu-toni zisizolingana? Udi wa taarabu hauna shida hiyo, maana hauna freti kabisa. Basi anahukumu: luti igawanywe sawa kwa sawa, senti 100 (kipimo cha nafasi kati ya sauti) kila nusu-toni, na mpangilio wa mintoni tuwaachie wapiga kinanda.

Hukumu hiyo ina mzee wa kuitetea. Vincenzo Galilei, mpiga luti na baba wa Galileo, alitoa kanuni yake mwaka 1581: gawa uzi sehemu 18, freti ya kwanza ikae mwisho wa sehemu moja, kisha rudia kwa uzi unaobaki. Kwa uzi wa sentimita 60 ni milimita 33. Fundi anamaliza kazi kwa bikari tu, na kwa muziki unaohama ufunguo kila mara sina ugomvi naye.

Lakini sikiliza nyuzi za katikati, F na A, bila kubonyeza kitu. Ukizituni kwa mgawanyo sawa, sauti yao ya pamoja inatetemeka kama mara saba kwa sekunde, kwa kuwa tatu kubwa, yaani nafasi ya F hadi A, imeizidi ile safi kwa senti 14. Mintoni ya moja ya sita, aina yake ya upole, inaupunguza mtetemo huo nusu nzima. Kwa nyuzi za utumbo zinazolia kwa upole, nusu hiyo ndiyo tofauti ya akordi iliyotulia na akordi yenye homa.

Na freti je? Tuni G, C, F, A, D, G, uone freti ya nne inatoa nini: B, E, A, C shapu, F shapu, B. Zote ni tatu kubwa juu ya uzi wazi. Nyuzi sita zinataka mahali pamoja, milimita 2 hivi kuelekea kichwani kutoka mgawanyo sawa. Ya pili, ya tatu na ya tano nazo kwa kawaida zinakubaliana. Na freti hizi ni utumbo uliofungwa fundo shingoni, unausukuma kwa dole gumba. Luis Milán, mwaka 1536, aliwaagiza wapiga vihuela, ala ya Kihispania inayotuniwa kama luti, waisogeze freti ya nne kabla ya baadhi ya vipande. Anayesema haiwezekani anawaza shingo ya gitaa lake.

Ugomvi wa kweli uko freti ya kwanza. Piga G maina: B flati iko pale, uzi wa A. Ingia D meja: F shapu iko pale pale, uzi wa jirani. Moja inataka milimita 36, nyingine 30, na kwa mintoni kali ya robo pengo linafika milimita 13. Wengine walibandika kijifreti cha nyongeza chini ya uzi mmoja, jambo ambalo Galilei hakulipenda hata kidogo.

Mimi naifunga katikati, milimita 33, yaani pale pale alipoiweka mzee. Freti moja nampa. Nne zinazofuata nazisukuma mwenyewe.