Stima ya wakulima wa Texas, na sisi wa visiwani

Kila nikipiga simu Pate, kisiwa chetu cha kaunti ya Lamu, Kenya, nikakuta stima imepotea, huambiwa lilelile: "Nyinyi wa Ulaya mumejaliwa." Mimi siko Ulaya, niko Texas, ila kwa ami yangu kokote ambako ndege inalala usiku mzima kufika ni Ulaya. Hilo tuliache. Ninalobishia ni hilo la kujaliwa, kwa sababu wakulima wa huku, wakati babu zetu wakisafiri na majahazi, walikuwa gizani vilevile, na kampuni za umeme ziliwaambia waziwazi kwamba hawana faida.

Ninakoishi ni magharibi ya Austin, vilima vya mawe, ng'ombe na mbuzi, nyumba moja hapa na nyingine ng'ambo ya bonde. Stima yangu haitoki kwa kampuni wala kwa serikali. Inatoka kwa ushirika uitwao Pedernales, ulioundwa mwaka 1938 na wakulima wenyewe, na mimi mhamiaji ni mwanachama sawa na mzee ambaye babu yake aliona nguzo zikisimamishwa. Kura yake moja, kura yangu moja.

Katikati ya miaka ya 1930, mijini Marekani karibu nyumba tisa kati ya kumi zilikuwa na umeme. Mashambani ilikuwa kama shamba moja kati ya kumi. Hesabu ya kampuni ilikuwa rahisi: kuvuta waya maili nzima kwa ajili ya wateja wawili watatu haina maana. Rais Roosevelt mwenyewe alisimulia, katika hotuba ya 1938 huko Georgia, kwamba bili ya nyumba yake ndogo ya Warm Springs ilimshtua: senti 18 kwa uniti, karibu mara nne ya alichokuwa akilipa kwao New York. Mei 1935 alianzisha shirika la umeme wa vijijini, na Mei 1936 likapata sheria yake, iliyosukumwa bungeni na Norris wa Nebraska na Rayburn wa Texas.

Serikali haikujenga laini. Ilikopesha. Ilitarajia kampuni zije kuchukua mikopo ile, nyingi zikasita, na waliojitokeza ni wakulima waliojiunga kwa vyama. Mtu alizunguka kwa jirani zake, mlango hadi mlango, akikusanya dola 5 za kiingilio, na dola 5 wakati ule ilimuuma mkulima. Wengine walikataa wakidhani ni utapeli. Walioelewa waliruhusu nguzo zipite mashambani mwao bila malipo. Huku kwetu Pedernales nyumba zilikuwa chache mno hata kwa masharti ya serikali yenyewe, iliyotaka wateja watatu kwa kila maili, mpaka mbunge kijana, Lyndon Johnson, akaenda kumbembeleza Roosevelt ana kwa ana. Mwaka 1939 taa zikawaka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, karibu mashamba tisa kati ya kumi Marekani yalikuwa na umeme.

Kwa hiyo wasinidanganye wanaosema Wamarekani walijitegemea. Fedha za serikali zilikuwepo, tena za riba nafuu. Lakini zilipoingia ziliikuta laini ina mwenyewe, yaani mkulima mwanachama, na yeye ndiye aliyezilipa.

Sasa njoo Amu, yaani Lamu. Kwa miaka mji uliendeshwa kwa jenereta za dizeli, ndipo ikaja laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen hadi kwetu. Mwaka 2015 serikali ilishusha gharama ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 za transfoma. Ni kazi kubwa, siibezi. Visiwani ni habari nyingine: Faza ina mtambo wake wa dizeli, Kiunga vilevile ingawa iko bara, na kwengineko ni sola ya juu ya bati, aliyenayo anayo. Miradi ya mitambo midogo ya sola inayogharimiwa na Benki ya Dunia imeitaja Lamu miongoni mwa kaunti 14. Katika yote hayo, sijasikia mtu wa kisiwani akiulizwa kama anataka kuwa mwenye mtambo. Anaulizwa tu kama ana tokeni.

Anayeumia ni mvuvi. Kamba wa Kizingitini hangoji. Asubuhi anatoka majini yuko hai, anawekwa kwenye gunia lililoroweshwa, na mnunuzi anakaa kivulini hana haraka, kwa sababu anajua kufikia adhuhuri bei itashuka yenyewe. Mvuvi mwenye barafu hubishana. Asiye nayo huuza. Mashine moja ya barafu isiyozimika ingebadilisha mazungumzo yale kuliko semina zote za ujasiriamali tulizoletewa, pamoja na fulana zake.

Binamu yangu ananijibu, "Nti yetu si kama hiyo yenu. Chama kikiundwa kitaliwa." Ana haki ya kusema hivyo, sote tunajua chama ambacho mweka hazina wake alijenga ghorofa. Lakini ushirika huu ninaousifu nao uliliwa. Kwa miaka bodi ya Pedernales ilikuwa ikijichagulia warithi, wanachama wakipokea bili na kunyamaza. Mwaka 2007 baadhi yao wakafungua kesi, 2008 uchaguzi ukafunguliwa, na 2010 aliyekuwa meneja mkuu akatiwa hatiani kwa wizi. Siku hizi mikutano ya bodi iko wazi, na mzee wa kofia pana anaweza kusimama na karatasi yake mkononi akauliza kwa nini ada ya mwezi imepanda, na mkurugenzi analazimika kumjibu. Mimi nyumbani sijawahi kumuona mtu akimuuliza yeyote kuhusu stima isipokuwa fundi aliye juu ya nguzo, ambaye naye hajui.

Wala ushirika haukingi kila balaa. Baridi ya Februari 2021 ilizima Texas, vyama na kampuni pamoja, na ushirika wa Brazos, uliokuwa ukiviuzia umeme vyama vingine, ulikimbilia mahakama ya waliofilisika kwa bili ya siku chache tu.

Na mtu asiniambie watu wa Amu hawawezi kukaa pamoja. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliotaka kujengwa Kwasasi ulikuwa na pesa na wakubwa nyuma yake. Wavuvi, wazee na vijana wakaenda nao kwa karatasi, kikao baada ya kikao, na Juni 2019 baraza la kuamua kesi za mazingira likafuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliojua kukataa kwa utaratibu ule watashindwaje na daftari la wanachama?

Sheria ya Nishati ya Kenya ya 2019 inaruhusu wengine, si kampuni ya taifa peke yake, kuomba leseni ya kusambaza umeme. Sacco tunazijua, hisa tunazijua, mkutano mkuu tunaujua mpaka soda zake. Kwa hiyo mradi wa sola ukifika kisiwani, sharti la kwanza liwe hili: kila nyumba inayolipa ina hisa, mashine ya barafu ni ya chama, na hesabu zinabandikwa kila mwezi bandarini, kwa Kiswahili, mahali mvuvi anaposhuka. Sisi tulio nje tunaotuma pesa za harusi na matanga tununue hisa pia, lakini kura moja kama mwingine yeyote, tusije tukawa wanunuzi wapya wa kivulini.