Uuze ploti ulipie PPL, ama uombe kadeti na KCSE yako tu?

Kila tangazo la kadeti, wale wanaofunzwa kuwa maafisa wa KDF, jeshi letu la Kenya, likitoka huu mjadala unarudi, na kila ukirudi watu wanaugeuza kuwa wa wenye pesa na wasio na pesa. Kijana anataka kuwa rubani wa jeshi, sasa afanye nini kabla ya kuomba? Kuna wanaosema asiende mikono mitupu, apelekwe shule za urubani za uwanja wa Wilson, Nairobi, kwanza apate PPL, ile laisensi ya rubani binafsi, jeshi likiona tayari anajua kushika ndege litamchukua mbio. Na kuna wanaosema aombe GSO, yaani kadeti wa uafisa wa kawaida, na cheti chake cha KCSE cha kumaliza sekondari na miguu yake, mambo ya kurusha atafundishwa na wenyewe. Hawa wa pili ndio huchekwa. Wanaambiwa wanasema hivyo juu hawana pesa.

Mimi huu mjadala umenikuta nyumbani. Mpwa wangu, kijana wa dada yangu, amelelewa Nakuru karibu na Lanet, kambi wanakofunzwa kadeti, asubuhi anaamka akisikia kadeti wakiimba wakikimbia, utamwambia nini kuhusu kazi ya benki? Alipata B+. Matokeo yalipotoka tu babake akaanza kutafuta mnunuzi wa ploti ya Njoro, na shemeji yangu si mtu wa maneno mengi, alikuja na karatasi ya bei kutoka shule moja ya urubani imekunjwa mara nne mfukoni mwa shati akaiweka mezani kama hati ya korti.

Na tusimdharau, ana hoja. PPL inataka angalau masaa 40 ya kuruka, na kwa hayo masaa kijana anajua mambo ambayo kwa simu hawezi kuyajua. Anajua kama tumbo lake linakubali. Kacessna kadogo saa saba mchana, jua limechoma ardhi, hewa inapanda inakasukuma juu inakaangusha, wewe unatakiwa kushika usukani, kusoma mita, na kujibu redio kwa Kiingereza cha haraka bila kusema "rudia" mara tatu. Kuna vijana wameshuka hapo wakasema asante, wacha nisomee uhasibu. Afadhali kujua mapema. Alafu jeshi likimkataa hajabaki bure, anaweza kuendelea hadi laisensi ya biashara, hiyo ya masaa 200 hivi, atafute kazi ya kubeba miraa ama watalii.

Tena kuna nchi ambapo shemeji angekuwa sahihi kabisa. Kule Marekani jeshi la anga lina alama inaitwa PCSM, wanachanganya mtihani wa karatasi, mtihani wa mashine unaopima mikono na akili, na masaa ambayo umesharuka. Masaa yanaingia kwa hesabu, pesa ya mzazi inageuka kuwa pointi. Kwa hivyo ukisoma maandishi ya Wamarekani mtandaoni, na vijana wetu husoma hayo tu, utaamini kwamba kujiandaa ni kununua masaa.

Lakini soma tangazo letu. Umri 18 hadi 26. Mean gredi ya B pleni na C+ kwenye masomo kama Hesabu na Kiingereza. Urefu 1.60m, uzito kilo 54.55 kwa mwanaume na 50 kwa mwanamke (hiyo .55 imetokana na ratili 120 za mkoloni, mtu aligawanya kwa 2.2 akaiacha hivyo, na kuna kijana mahali anakunywa maji lita mbili kabla ya mizani kwa sababu yake). Raia wa Kenya, asiwe na kesi. Laisensi ya ndege haijatajwa kwa masharti. Hata neno rubani usilitafute sana, manake kinachotafutwa pale ni afisa.

Hapa ndipo naona upande wa pili haueleweki. Watu wanadhani kuna mlango umeandikwa "marubani" na kwamba PPL ni ufunguo wake. Hakuna. Unaingia Lanet kama kadeti na wenzako wa nchi kavu, wa anga na wa majini, mnatambaa tope moja. Jeshi linaangalia kama unaweza kuongoza watu ukiwa na njaa na usingizi, na kurusha ndege ni kitu unachaguliwa baadaye kama mahitaji yapo, kama mwili unaruhusu, na kama viti vipo. Viti navyo si vingi. Ndege za kivita za F-5 za kambi ya Laikipia zilikuja mwishoni mwa miaka ya 70 na sio kundi la kujaza anga, ukiongeza helikopta na ndege za mizigo bado hatuko Marekani. Kwa hivyo unaweza kufika na PPL yako safi ukajikuta luteni wa infantri, jeshi la miguu, kwenye mpaka wa Somalia, ile ploti ya Njoro ikawa imekununulia stori ya kuwasimulia wenzako kwenye handaki. Angalia hata juu kabisa. Mei 2024 Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed alipewa Jeshi la Anga lote, mwanamke wa kwanza, na yeye aliingia jeshini 1983 kupitia kikosi cha wanawake, miaka mingi kazi yake ikiwa ya personeli, sio ya kokpiti. Na marehemu Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi aliyekuwa rubani wa ndege za kivita, aliingia 1984, akawa afisa 1985, ndio akafunzwa urubani wa kivita na Wamarekani. Afisa kwanza.

Sasa macho. Nitakaa hapa kidogo mtanivumilia, manake hapa ndipo pesa za wazazi huzama na hakuna anayeongea.

Kuna kijana wa jirani yetu, sitamtaja, babake aliuza shamba kweli. PPL akapata. Kabla ya kuanza alipimwa medikali ya daraja la pili, ambayo ndio ya PPL, na cheti chake kikaandikwa kwamba ni cha mchana tu. Hawakushtuka. Mwanafunzi wa PPL karibu saa zote anaruka mchana, nani angeshtuka? Shule haikusema kitu, pesa ilikuwa inaingia. Kumbe hiyo "mchana tu" ndio ilikuwa habari yenyewe. Sheria za kimataifa za urubani zinaruhusu mtu mwenye shida ya kutofautisha rangi apate daraja la pili kwa masharti ya kuruka mchana, lakini daraja la kwanza, la rubani wa kulipwa, anaweza kuangushwa, na jeshi ndio usiseme. Kijana ameruka masaa yote hayo, ametua peke yake, mama amepiga picha, alafu siku ya medikali ya jeshi anafunguliwa kitabu cha vidoti akarudishwa nyumbani kwa dakika tano. Dakika tano ambazo angezipata kwa optishiani yeyote wa mjini kwa pesa ya chakula cha mchana.

Kile kitabu ni cha Ishihara. Ukurasa wa kwanza una 12 na kila mtu anaiona, hata asiyetofautisha nyekundu na kijani, imewekwa hapo kujua kama umeelewa swali. Ukurasa wa pili ndio kazi inaanza. Mwenye macho ya kawaida anasoma 8. Mwenye shida anasoma 3, na anaisoma kwa uhakika kabisa bila kusitasita, ndio maana mtu anaweza kuishi miaka 20 bila kujua.

Niliwapeleka wote wawili kwa optishiani, mpwa na babake. Shemeji akasema aanze yeye kuonyesha kijana si kitu cha kuogopa. 12. Ukurasa ukageuzwa. "Tatu." Optishiani hakusema kitu, akageuza tena. Mi nilikuwa nyuma naona 8 kubwa kama sahani. Shemeji ana miaka 51, ameendesha lori hadi Kampala, hakuwahi kuambiwa. Nikamwangalia mpwa, kijana amekauka midomo.

Yule mama optishiani akatuelezea vizuri, kwamba hii kitu mwanaume haipati kwa baba, anaipata kwa mama, hata kama mama mwenyewe anaona sawa. Kwa hivyo kwa kijana wa kiume mtu wa kuangalia ni mjomba. Yaani mimi! Nikakalishwa. Nikasoma 8, 6, 29. Akasema hiyo haithibitishi kitu lakini si mbaya. Kijana akakalia kiti cha mwisho akasoma 8 kabla ukurasa haujafunguka vizuri. Tulitoka pale hatujatumia hata elfu tano na tunajua kitu ambacho milioni hivi ya PPL ingetuficha.

Ndio maana nasema hawa wa "omba tu na KCSE" wamejiandaa zaidi kuliko wanavyoonekana. Akikimbia kila asubuhi anajiandaa. Akirudia hesabu za kasi, muda na umbali bila kalkuleta anajiandaa. Akitengeneza meno, akipimwa macho, presha na masikio mapema anajiandaa. Hakuna picha ya kuposti hapo lakini ndio vitu vinavyoangusha watu. Na wanajiepusha na kosa lingine baya zaidi, la mzazi ambaye pesa imeshaanza kutoka hajui kusimama, broka anakuja anamwambia PPL haitoshi ongeza laki kadhaa nikupe barua ya mwito, na KDF kila mwaka inapiga kelele kwamba kuandikishwa ni bure na mwenye barua feki atashikwa.

Upande wa wenye PPL nao wananirudishia swali gumu: na asipopata? Tangazo halifuati ratiba yako, leo una 19, kesho kutwa una 26 na mlango umefungwa. Hilo sina jibu tamu. Ila naona kama kijana ana mpango B wa urubani wa kiraia, autafute kama mpango B, apime medikali ya daraja la kwanza kabisa kabla ya shilingi ya kwanza, na asiuzwe kwamba ni mkato wa kuingia jeshini. Majirani zetu Tanzania hata mkato huo hawaufikirii sana, kule vijana wengi wanajua mlango wa JWTZ, jeshi lao, ni kupitia JKT, jeshi la kujenga taifa, unalima unabeba gogo, alafu ndio uongee habari ya Monduli, chuo chao cha maafisa.

Na ndugu zetu walioko Marekani, kabla ya kumlipia kijana masaa ili apate hizo pointi za PCSM, muulizeni pasipoti kwanza. Grini kadi inamwingiza jeshini kama askari wa kawaida, lakini kuwa afisa lazima awe raia, na rubani wa jeshi la anga kule ni afisa. Akipita pia ajue deni lake ni miaka 10, inayohesabiwa kuanzia siku anavalishwa mabawa na sio siku aliyoingia, kwa hivyo aliyeapishwa na 22 asitarajie kuwa huru kabla ya 33 hivi.

Dada yangu yeye hajali PPL wala Lanet. Tangu ile helikopta ianguke Sindar, Aprili 2024, Ogolla na wenzake tisa wakafa na wawili wakapona, yeye msimamo wake ni mmoja, kwamba kama ndege ya mkuu wa majeshi mwenyewe inaweza kuanguka basi ya mtoto wake ni nini. Hiyo sio hoja ya kushindana nayo kwa takwimu na sijajaribu.

Ploti bado haijauzwa. Karatasi ya bei bado iko mfukoni mwa shati, nimeiona juzi. Shemeji alinivuta kando akaniuliza, "Sawa, tuseme umeshinda, na wakimtupa infantri?" Nikamwambia amuulize mwenyewe. Tukatoka nje, kijana yuko kwa bomba anafua raba, akasema bila kuinua kichwa, "Si hata infantri wanabebwa na ndege?" Babake akarudi ndani bila kusema kitu.