Thomu Iache Jikoni, Mtoto Mpeleke kwa Daktari wa Ngozi

Mtoto wa jirani yangu ana miaka saba. Nywele zimemtoka kisogoni, duara moja safi, ngozi laini, haimuwashi wala haina magamba. Juzi nimemkuta kalala kifudifudi ukumbini, pale pale kisogoni pamebabuka, malengelenge yamepasuka, na mama yake anampepea huku machozi yanamtoka. Muuza mafuta alimwambia amsugue kwa thomu mbichi, yaani kitunguu saumu, iliyopondwa pamoja na tangawizi, amfunge kitambaa, alale nayo mpaka alfajiri. Ikimchoma, aliambiwa, basi ndiyo dawa inafanya kazi.

Nimekasirika. Si kwa mama. Yeye kahangaika na kila mtu kampa neno lake. Bibi kasema kijicho. Wifi kasema kuna mtu kaokota nywele za mtoto kwenye kitana akazifanyia mambo. Kinyozi kasema mapunye. Hasira zangu ni kwa anayeshika chupa akasema "hii ya asili, haina madhara". Upupu ni wa asili. Utupa ni wa asili, na wavuvi wanaujua unavyoua samaki. Kitu kuota ardhini hakikipi ruhusa ya kupakwa kichwani kwa mtoto.

Ugonjwa wenyewe una jina, unaitwa alopesia areata. Kinga ya mwili, inayotakiwa kupigana na vijidudu, inageuka na kuvishambulia vishina vya nywele vya mwenyewe. Unywele unadhoofika, unakatika, unatoka. Lakini kishina hakifi, na hili watu wetu hawaambiwi: kwa kuwa kishina kipo, nywele zinaweza kurudi hata baada ya muda mrefu, mara nyingi zikianza nyeupe kabla ya kupata rangi yake. Hauambukizi kwa kitana, kwa kofia wala kwa mto. Katika kila watu 100, wawili hivi huupata wakati fulani wa maisha yao. Wengine hutoka nyusi na kope, wachache kichwa kizima, na wachache zaidi mwili mzima. Mara nyingine kucha nazo huonyesha vishimo vidogo vidogo. Na kwa kuwa huweza kufuatana na maradhi ya tezi ya shingoni, mbalanga au pumu, daktari anaweza kutaka kupima damu.

Mapunye ni kitu chengine kabisa. Yale ni fangasi, yana magamba, yanawasha, yanaambukiza, na yanataka dawa ya kunywa. Ndiyo maana lazima kichwa kionwe na anayejua kutofautisha.

Sasa nirudi kwa wauza chupa, maana hapa ndipo penye dhulma. Mtu mwenye duara moja au mawili madogo, mara nyingi nywele humrudia ndani ya mwaka bila ya kupaka chochote. Basi lolote alilokuwa anapaka wakati zinarudi ndilo linalopata sifa. Akipaka habasoda, habasoda imeponya. Akipaka mafuta ya nyonyo, nyonyo imeponya. Anapiga picha, picha inazunguka kwenye simu za watu kuanzia Mwanakwerekwe, Unguja, mpaka Mkoani, Pemba, na chupa zinauzwa. Ugonjwa ukirudi, na tabia yake ni kurudi, muuzaji hasemi dawa yangu imeshindwa. Anasema hukufuata masharti. Umekula kilichokatazwa, umeacha siku moja, moyo wako una shaka. Sifa zote zake, lawama zote za mgonjwa.

Namjua msichana mmoja Wete aliyepelekwa hivyo kwa miaka, kutoka chupa hii kwenda ile, mpaka bangili zake zikauzwa. Hakuwa na kosa lolote ila alikuwa anaamini kwamba ni mkosefu. Ilipofika harusi yake, somo akataka kumfungua kichwa amsinge, amtie mafuta, apachike asumini. Msichana akashika mtandio kwa mikono miwili, akaomba harusi iahirishwe. Mchumba hakuwa na neno. Msichana ndiye aliyekwisha kufundishwa kuona aibu ya maradhi asiyoyataka. Nikisikia mtu anasema "kujaribu hakudhuru", namkumbuka huyu.

Kuna watakaoniambia kitunguu kimefanyiwa utafiti. Kweli, na nakubali kwa shingo upande. Mwaka 2002 madaktari wa Baghdad walichapisha matokeo ya maji ya kitunguu maji yaliyopakwa mara mbili kwa siku: baada ya wiki sita watu 20 kati ya 23 waliota nywele, na waliopaka maji matupu ni 2 kati ya 15. Mwaka 1998 kule Aberdeen, Uskochi, mafuta ya mimea kama rozmeri na lavenda yaliwasaidia baadhi ya wagonjwa kuliko mafuta matupu. Lakini makundi yalikuwa madogo, na harufu ya kitunguu haifichiki, mgonjwa anajua alichopakwa. Na hakuna hata mmoja katika utafiti huo aliyefungwa thomu na tangawizi usiku kucha.

Mimi si adui wa vitu vyetu. Mafuta ya nazi yanalainisha ngozi, na kukandwa kichwa taratibu na mama kuna raha yake. Mpake mwanao, ila usimuahidi kuwa ndiyo tiba. Mpe samaki, dagaa, kunde, mchicha, maana mwili wenye upungufu wa madini ya chuma nao hupoteza nywele. Alale vya kutosha. Kichwa kilicho wazi kifunikwe kisichomwe na jua. Misuko ya kuvuta iachwe, isije ikaongeza upara wa pembeni. Piko usiipake hapo kuficha, inaweza kuunguza vibaya. Na wanaomeza vidonge vya biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, kwa wingi wamwambie daktari, kwani huvuruga vipimo vya tezi.

Kusomewa sikatazi, nami nasoma. Kombe linywewe, na daktari aonwe siku hiyo hiyo.

Kwa daktari kuna mambo ya kuuliza: dawa ya kupaka ya steroidi (inayotuliza kinga ya mwili pale inapopakwa) kwa watoto, sindano ndogo ndogo za steroidi kwenye duara kwa watu wazima, na minoksidili, dawa ya kuchochea nywele kuota. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa kanda yetu tangu 1992, kwa hiyo usiambiwe ujuzi huu ni wa Ulaya tu. Kwa waliopoteza nywele nyingi, Marekani iliidhinisha vidonge vya baricitinib kwa watu wazima Juni 2022, na ritlecitinib kuanzia miaka 12 mwaka 2023. Ni ghali mno, zinapunguza nguvu ya kinga, na ukiziacha nywele huweza kutoka tena. Lakini zipo, na mgonjwa ana haki ya kujua kuwa zipo.

Tafadhalini pia tuache kumwambia mgonjwa "unawaza sana". Mtoto wa miaka saba anawaza nini?

Na walimu wa skuli, nanyi nina ombi. Mtoto wa kike ana ushungi wake, kichwa kinasitirika. Wa kiume hana pa kujificha. Wenzake wanamgusa kisogo, wanamcheka, mwisho anasema tumbo linamuuma ili asiende. Akija na kofia darasani, mwacheni nayo kichwani, na siku ya kwanza waambieni wenzake wazi wazi kuwa hayaambukizi.