Mkakati wa kitaifa wa KKK uanzie kwa mwanafunzi aliyeachwa nyuma

Mikakati mingi ya kitaifa ya kuinua stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK) huandikwa kana kwamba wanafunzi wote wa darasa moja wako hatua moja, na hapo ndipo ninapotofautiana nayo. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba asilimia 53 ya watoto wa miaka 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi. Wengi wao wameandikishwa shule, na kila mwaka wanapandishwa darasa huku mtaala ukizidi kuwaacha.

Tuchukue hesabu ya 42 kutoa 17. Mwanafunzi anaandika 35, mwalimu anaweka alama ya kosa na kuendelea na daftari linalofuata. Jibu hilo, hata hivyo, halikubuniwa: kwenye mamoja ametoa 2 katika 7 kwa kuwa 7 ndiyo kubwa, na kwenye makumi ametoa 1 katika 4. Kutoa anajua, asichojua ni kwamba kumi moja linaweza kuvunjwa likawa mamoja kumi. Pengo hilo huzibika kwa muda mfupi, ila mwalimu anayedaiwa kumaliza mada zote kabla ya mtihani hana muda huo. Kusoma nako ni hivyo hivyo, kwani yupo mtoto anayesoma ukurasa mzima bila kukwama, lakini ukimwonyesha neno moja la katikati ananyamaza, kwa sababu alikuwa ameukariri.

Uingereza ilianzisha mkakati wa kusoma na kuandika mwaka 1998, shule za msingi zikitenga saa moja kila siku, na mwaka uliofuata ukaja wa hesabu. Alama zilipanda upesi miaka ya mwanzo, kisha zikaganda. Kutenga muda kulisaidia, bila shaka, ila saa ile ile kwa wote haikutosha.

Kwangu mimi, mfano wenye mafunzo zaidi ni wa India, ambako shirika la Pratham huwapanga watoto kwa kiwango cha uwezo badala ya umri. Katika baadhi ya majimbo walimu walipewa mafunzo na vifaa pekee, na matokeo yakawa hafifu. Katika jimbo la Haryana, ambako serikali ilitenga kipindi maalumu cha kila siku na wasimamizi wakafuatilia utekelezaji, stadi za lugha zilipanda. Semina, ambazo wizara nyingi huzipenda kwa kuwa ni rahisi kuzitolea taarifa, si mkakati.

Kwa hiyo mkakati ninaoutaka utaje kipindi hicho kwenye ratiba, uruhusu kwa maandishi mwalimu asimamishe mada mpya ili arudi nyuma, na uwapeleke walimu mahiri madarasa ya chini badala ya kuwarundika katika darasa la mtihani. Lugha ya kuanzia kusoma iwe ile ambayo mtoto anaizungumza. Sioni sababu ya kulijadili hilo kwa kirefu. Upimaji nao uwe mfupi, wa mdomo, wa mtoto mmoja mmoja, na matokeo yabaki kwanza mikononi mwa mwalimu, kabla ya kupanda wizarani, ili kesho yake ajue nani anahitaji silabi na nani anahitaji makumi.