Usiniambie Mlio Ukoje, Niambie Unalia Lini

Asubuhi ya kwanza nilidhani kuna spana imesahaulika chini ya boneti. Nilibonyeza kitufe, taa ya READY, ya kuonyesha gari liko tayari, ikawaka, gari likakaa kimya kama kawaida yake. Sekunde chache baadaye injini ikaamka yenyewe na gari zima likaanza kutikisika: ga-ga-ga-ga, kama debe la misumari linaloburutwa juu ya mawe. Ikaendelea hivyo kwa sekunde saba au nane, kisha ikatulia, ikawa laini kabisa. Jioni nililiwasha tena mara tatu nikiwa nimetega sikio. Halikutoa hata kikohozi.

Fundi wa kwanza alilisikiliza likiwa limeshapata moto, akaniambia, "Haibridi ndivyo zilivyo, mzee." Sentensi hiyo naichukia, kwa sababu inamnyamazisha mwenye gari pale pale anapokuwa na jambo la kweli la kusema. Gari la haibridi, lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, lina milio mingi migeni, hilo ni kweli. Lakini kila mlio una wakati wake, na ukishaujua wakati umeshapiga nusu ya safari ya kuujua ugonjwa.

Katika gari la kawaida mambo ni mepesi kwa sikio. Ukiwasha, stata inalia, injini inashika, na kuanzia hapo mlio wa injini unafuata mguu wako. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Mfumo ambao Toyota waliutoa na Prius kule Japani mwaka 1997 uliuvunja utaratibu huo. Injini na mota mbili za umeme zimeunganishwa kwa seti moja ya gia zinazozungukana, na hakuna stata ya kawaida. Mota moja ndiyo inayoizungusha injini hadi kama mizunguko 1,000 kwa dakika, ndipo mafuta yanapoingia. Injini inaweza kuzimika gari likiwa linatembea, na inaweza kunguruma mlimani wakati mwendo haujaongezeka hata kidogo. Sikio lililozoea magari ya zamani linapotea njia hapo.

Kuna zaidi. Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2009, haina belti hata moja ya kuzungusha vifaa vya nje ya injini. Pampu ya maji inaendeshwa kwa umeme, kompresa ya kiyoyozi vilevile. Kwa hiyo fundi akisikia mluzi kwenye gari la namna hiyo na kuanza kuzungumzia belti, mwombe kwa heshima afungue boneti kwanza.

Kitu kingine ni ukimya wenyewe. Injini inapozima, unasikia vitu ambavyo magari mengine yanavificha chini ya ngurumo: beringi ya gurudumu inayovuma na kupanda kadiri mwendo unavyoongezeka, petroli inayochapachapa ndani ya tangi, pedi za breki zinazokwaruza diski zilizoshika kutu. Hizo diski hushika kutu kirahisi kwa sababu mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo pedi hazibanwi mara kwa mara. Ule mlio mwembamba unaoshuka taratibu ukiwa unapunguza mwendo ni mota, nao ni mzima. Mvumo wa polepole chini ya kilomita 20 kwa saa mara nyingi umewekwa makusudi ili waenda kwa miguu wasikie gari linakuja. Umoja wa Ulaya umeulazimisha kwa magari yote mapya ya haibridi na ya umeme tangu Julai 2021. Na baadhi ya magari huvuma kidogo saa kadhaa baada ya kuegeshwa, kipampu kikijipima kama mfumo wa mvuke wa petroli unavuja. Mtu akiusikia usiku anaweza kudhani gari lina pepo.

Ndiyo maana swali langu la kwanza siku hizi ni moja: mlio ulipotokea, injini ilikuwa inazunguka au imezima? Skrini ya kuonyesha mtiririko wa nguvu itakujibu. Kama injini ilikuwa imezima, usihangaike na plagi wala cheni ya taimingi. Nenda kwenye mota, pampu, feni ya betri, breki na magurudumu. Feni ya betri hasa inasahaulika. Kwenye magari mengi tundu lake la kuvuta hewa liko karibu na kiti cha nyuma, na watu hulifunika kwa mabegi na nguo. Likijaa vumbi, feni inavuma kwa nguvu na betri inapata joto bure.

Kama injini ilikuwa inazunguka, maswali yanafuata. Ilikuwa baridi au moto? Ni pale inapoamka, pale inapozima, au katikati? Gari lilikuwa limelala kwa muda gani?

Mimi nilinunua daftari. Wiki tatu niliandika kila mara nilipowasha. Likilala usiku kucha, linagonga. Likisimama saa mbili, kimya. Likilala baada ya safari ndefu ya milima, linagonga zaidi. Nikabandika ukanda wa karatasi kwenye kopo la akiba la maji ya rejeta, nikachora mstari kwa kalamu. Mwisho wa wiki ya tatu maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole, na sakafuni hapakuwa na tone.

Fundi wa pili alichomeka mashine ya kusoma makosa, ikatoa namba P0301, yaani silinda namba moja imemisi, haikuchoma mafuta sawasawa. Akaifuta. Taa ya cheki injini ikazima, na yeye akaona kazi imekwisha. Hapa ndipo ninapopata uchungu. Namba ile haisemi ugonjwa, inasema kompyuta ilihisi nini. Na unapoifuta unafuta pia kumbukumbu ya hali ilivyokuwa sekunde ile: joto la injini, mizunguko, mwendo. Kwa mlio unaojitokeza sekunde nane kwa siku, huo ni ushahidi usiopatikana tena kirahisi. Tafadhali, fundi yeyote unayesoma hapa, ipige picha kwanza.

Fundi wa tatu alishauri tushushe giaboksi tubadilishe ile sahani ya springi iliyo kati ya injini na giaboksi, wanayoiita dampa. Hakuwa anabahatisha. Dampa ikichoka, springi zake hugonga injini inapoamka na inapozima, na mlio wake unafanana sana na wangu. Lakini dampa haijali kama injini imelala au imeamka saa hizi. Inagonga ikiwa baridi na ikiwa moto, na haimalizi maji ya rejeta. Nilimwonyesha daftari. Akalisoma taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, akafunga boneti akasema, "Basi niachie gari lilale hapa."

Jioni ile alifunga pampu ya mkono kwenye mfumo wa maji, akaupandisha presha, akaondoka. Asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, akatoa plagi nne na kuingiza kamera nyembamba tundu moja moja. Nilikuwa nimesimama begani kwake nikitazama kioo. Pistoni ya nne nyeusi, imeganda masizi. Ya tatu nyeusi. Ya pili nyeusi. Ya kwanza iling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu, na pembezoni palikuwa na tone la maji ya rejeta, limetulia.

Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ilikuwa imefungua njia nyembamba. Usiku, injini ikiwa imezima huku presha ya maji bado ipo, maji yalipenya tone kwa tone hadi kwenye silinda ile. Asubuhi mota ikaizungusha injini, silinda ikashindwa kuchoma maji, gari likatikisika mpaka yakaisha. Yangekuwa mengi zaidi, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ingepinda, kwa sababu maji hayabanwi. Hedi iliposhushwa, fundi alinipa mkononi kipoza moshi cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, akaniambia nikielekeze kwenye mwanga. Hapakupita mwanga. Kimejaa masizi tupu. Tulikisafisha pamoja na njia zake zote, maana yeye anaamini joto lililoiua gasketi lilianzia hapo, nami baada ya kukitazama kile kipande sina hoja ya kumpinga.

Mambo mawili ya usalama, nayasema kwa sababu nimeona watu wakiyapuuza. Taa ya READY ikiwa inawaka, injini inaweza kuamka wakati wowote bila kukuaga, kwa hiyo mikono na mikono ya shati isiingie chini ya boneti. Na zile nyaya za rangi ya chungwa usiziguse: betri ya Prius ya kizazi cha pili ina volti zaidi ya 200, na inveta, kifaa kinachoandaa umeme wa kuendesha mota, huzipandisha hadi 500. Ile mbinu ya wazee ya kuweka bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni bado inafaa, ila kaa nayo mbali na nyaya hizo. Ukitaka injini isizime unapoisikiliza, Prius ina utaratibu wa matengenezo wa kukanyaga mafuta mara kadhaa ukiwa gia ya P (ya kuegesha), kisha N (ya huru), kisha P tena. Fundi wa haibridi asiyeujua utaratibu huo atakuwa anafukuzana na injini inayozima kila anapoinama.

Daftari bado lipo kwenye droo ya gari, na limepata ukurasa mpya. Pampu ya breki. Kuisikia ikivuma kidogo ninapofungua mlango ni kawaida, inajiandalia presha. Lakini sasa inavuma gari likiwa limesimama na mguu wangu uko mbali na pedali, na hiyo ni dalili kwamba presha inavuja mahali ndani. Mwezi uliopita nilihesabu sekunde 90 kati ya mvumo na mvumo. Jumapili zilikuwa 55. Leo asubuhi 40. Taa haijawaka hata moja kwenye dashibodi, ila hizi ni breki, nami siliendeshi tena. Nimerekodi dakika tano kwa simu, saa ikionekana kwenye picha, nimemtumia yule fundi aliyesoma daftari. Anakuja kesho, na ameniomba nisiliwashe mpaka afike.